Nauli ya Kadi na Haki za Watu

Mwezi uliopita tulikuwa tumesimama penye lango moja la abiria katika mji huu wa Dar es Salaam. Jina la lango hilo hatutalitaja, kwani shabaha yetu si kumwaibisha mtu. Ilikuwa yapata saa sita za mchana, jua kali, na watu wamejaa mbele na nyuma. Mbele yetu alisimama bibi mmoja mtu mzima sana, amejitanda khanga zake, mkono mmoja ameshika kikapu chenye chupa ya uji, na mkono wa pili amefumbata sarafu. Uji ule ulikuwa wa binti yake aliyejifungua kwa kupasuliwa, amelazwa hospitali, na saa ya kutazama wagonjwa ilikuwa imekaribia. Alipofika langoni alifumbua kiganja akampa kijana mlinzi nauli yake kamili, haikupungua hata senti.

Kijana akamwambia kwa adabu, "Shikamoo Bibi. Hapa fedha za mkononi hatupokei. Ni kadi tu."

"Marahaba. Kadi gani, mjukuu wangu?"

"Kadi ya kulipia nauli. Unaigusisha hapa, lango linafunguka."

Bibi akazitazama sarafu zake, kisha akamtazama yule kijana. "Na hizi si fedha?"

Kijana hakuwa na jibu. Hakuwa mkorofi wala mjeuri; alikuwa ameajiriwa kulinda lango, na lango halikutengenezewa tundu la kutia sarafu. Dirisha la kuuzia kadi lilikuwa na watu wengi wamejipanga, na bei ya kadi yenyewe ilizidi alichokuwa nacho bibi. Basi akajitokeza fundi mmoja kutoka nyuma yetu, nguo zake zina saruji, akanyosha mkono juu ya bega la bibi akagusisha kadi yake mwenyewe. Lango likafunguka. Bibi alipotaka kumpa zile sarafu, fundi alikataa. "Nenda, Bibi, uji utapoa."

Sisi tulipita, tukaenda zetu, lakini swali la yule bibi halikututoka. Tumeona ni vyema tulizungumze na wasomaji wetu, wazee kwa vijana, kwani jambo la kulipa nauli kwa kadi si jambo la watu wa mbali tena. Limekwisha fika mlangoni petu hapa Temeke, na kila nyumba itapaswa kuamua namna ya kuishi nalo.

Watu wa Temeke wamelipa nauli kwa njia nyingi. Wako wazee waliopanda mabasi ya UDA, shirika la usafiri la mji huu lililoundwa mwaka 1974. Mabasi ya shirika yalipokuwa machache na watu wakazidi, Serikali iliruhusu mwaka 1983 magari ya watu binafsi yachukue abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 watu wakiiita dala. Ndipo magari hayo yalipopata jina la daladala, jina ambalo limebaki ingawa shilingi 5 leo haimnunulii mtoto hata peremende. Mwaka 2023 nauli ya daladala kwa mwendo usiozidi kilomita 10 ilipandishwa kutoka shilingi 500 kuwa 600, na mwanafunzi akawekewa shilingi 200.

Konda wa daladala twamjua sote. Ana noti zilizokunjwa baina ya vidole, anagonga bati, anaita Tandika, anaita Mbagala, anaita Kariakoo, na ukimpa noti ya 1,000 atakwambia chenji utaipata mbele. Mbele ukifika, gari limejaa, kituo kimefika, na konda ameshughulika na wengine. Ni mara ngapi mtu ameteremka akiacha shilingi 400 zake garini kwa kuona haya ya kugombana? Na konda huyo huyo, asubuhi wanafunzi wamejipanga kituoni na sare zao, huweza kuuziba mlango kwa mkono akawaambia wasubiri, maana kila kiti akaliacho mwanafunzi humpotezea shilingi 400. Mzazi wa Temeke hahitaji kuelezwa mtoto aliyefika shuleni saa tatu alipata adhabu kwa kosa la nani.

Lakini tuseme na ya upande wa pili, kwani uadilifu wataka hivyo. Konda ana macho. Akimwona ajuza ana shilingi 300 tu, mara nyingi humwambia, "Kaa Mama, twende." Akimwona mtu aliyetoka msibani, huweza kumwachilia. Akimjua fundi wa kila siku aliyekosa kazi leo, humkopesha nauli mpaka kesho, na daftari la deni hilo ni kichwa chake. Nauli ya mkononi ni jambo baina ya watu wawili wanaotazamana, na wanaotazamana waweza kudhulumiana, tena waweza kusameheana. Kadi imekuja kuondoa lile la kwanza, na pasipo kukusudia yaweza kuliondoa na la pili. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Kwanza na tueleze kadi yenyewe, kwani watoto huuliza, na si vizuri mzazi kumjibu mtoto kwamba ni mambo ya kompyuta tu. Ndani ya kadi mna waya mwembamba sana uliozungushwa mara kadha pembezoni, na katikati mna kidude kidogo kuliko punje ya mchele kinachohifadhi nambari na hesabu. Betri hamna. Mashine ya langoni hutoa mawimbi yanayopiga zaidi ya mara milioni 13 kila sekunde. Kadi ikisogezwa karibu, mawimbi yale huzalisha umeme kidogo katika ule waya, na umeme huo ndio unaokiamsha kidude kikaeleza nambari yake. Kanuni hii, ya umeme kuzaliwa ndani ya waya bila ya kuguswa, ilidhihirishwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, zamani kabla ya mji wetu kuitwa Dar es Salaam. Ndiyo maana kadi hufanya kazi ikiwa ndani ya pochi, wala haina haja ya kuchanjwa mahali. Ukiikunja ukaukata ule waya, imekufa, hata kama uso wake wang'aa.

Jambo moja zaidi la ufundi lina maana kubwa kwa abiria. Katika mitambo mingine salio, yaani fedha iliyobaki, huandikwa ndani ya kadi yenyewe. Mtandao ukikatika, lango laweza kuendelea kufanya kazi. Katika mitambo mingine kadi hubeba nambari tu, na hesabu yote imo katika daftari kuu lililo mbali. Hapo mtandao ukikatika, mwenye shilingi 20,000 na asiye na kitu wote husimama langoni sawasawa. Mtu akisikia kwamba mfumo fulani umeshuka, ajue mara nyingi ni daftari hilo lililo mbali limekosa kufikiwa.

Katika mji wetu mabasi yaendayo haraka yalianza kuchukua abiria tarehe 10 Mei 2016, katika njia ya Kimara mpaka Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Nauli ya wakati huo ilikuwa shilingi 650 kwa njia kuu, 400 kwa njia mlishi, 800 kwa atakayepanda zote mbili, na mwanafunzi 200. Kadi zilitolewa tangu mwanzo, lakini hazikushika; abiria wakarejea katika foleni za tiketi za karatasi kwa miaka, kisha kadi zikaletwa tena. Kivukoni penye pantoni ya kwenda Kigamboni, mahali palipokuwa sehemu ya Wilaya ya Temeke kabla ya Kigamboni kufanywa wilaya peke yake, watu wamezoea kadi iitwayo N-Card. Kadi hiyo hiyo ndiyo wapenzi wa mpira wanayoingilia katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliopo hapa hapa Temeke, hata yawezekana baba anayelalamika kwamba kadi ni jambo gumu akawa amekwisha itumia siku ya Simba na Yanga, ila siku ile hakulalamika.

Ama njia ya pili ya mabasi yaendayo haraka, ile ya Barabara ya Kilwa, ni yetu sisi. Ujenzi wake ulianza mwaka 2019. Urefu wake wapata kilomita 20, kutoka mjini kupita Bendera Tatu, Mtoni na Zakhem mpaka Mbagala Rangi Tatu. Vituo vilikamilika kabla ya mabasi, vikakaa vitupu, watu wakipita kando yake ndani ya daladala zilizojaa. Oktoba 2025 mabasi yakaanza kupita. Mwisho wa mwezi ule ule, katika ghasia za siku za uchaguzi, vituo vingi vya mabasi ya mwendokasi mjini viliharibiwa, na safari zikasimama kwa muda. Hata hivyo njia ipo, na Temeke ni wilaya ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya 1,300,000. Umma kama huo hauwezi kusafirishwa milele kwa konda mwenye noti vidoleni.

Kwa hivyo hatuandiki kuikataa kadi. Faida zake zaonekana. Chenji haidhulumiwi, kwani hakuna chenji. Mwenye basi ajua basi lake limeingiza kiasi gani, na mtumishi mwaminifu huepukana na tuhuma ambazo zamani hakuwa na njia ya kujitetea nazo. Mashine haimkemei mtoto wa shule. Ikiwa kadi ya mwanafunzi imeandikwa nauli yake, lango humfungulia kama limfunguliavyo mkurugenzi, halimtazami sare wala viatu. Na anayesimamia mapato ya umma hupata daftari linaloweza kukaguliwa. Hayo si mambo madogo, khasa kwetu sisi tulioamrishwa kutimiza vipimo tukipima na kutokuwapunja watu haki zao.

Lakini twende ndani ya nyumba. Temeke ina nyumba nyingi zinazoishi kwa mapato ya siku. Mafuta ya kula hununuliwa kwa kipimo, sukari kwa robo, mkaa kwa kopo, na umeme wa luku kwa shilingi 1,000. Si kwamba watu hawa hawajui kwamba kununua kingi ni rahisi zaidi. Wajua sana. Fedha ya kununulia kingi haipo kwa pamoja, hupatikana jioni na kwisha asubuhi. Tuchukue nyumba yenye baba anayekwenda kazini siku 6 na watoto 2 wanaokwenda shule siku 5, kwa nauli za daladala tulizozitaja. Baba hutumia shilingi 1,200 kwa siku, nazo kwa juma ni 7,200. Watoto wawili, kila mmoja 400 kwa siku, ni 4,000 kwa juma. Jumla ni shilingi 11,200. Nyumba hiyo huzilipa kila juma, wala hazilalamikii. Lakini huzilipa vipande vipande, kila kipande kwa saa yake. Ukiitaka izitie katika kadi siku ya Jumatatu kabla ya safari hata moja, umeitaka kitu ambacho haina.

Tena kuna fedha ya kadi yenyewe. Mwenye mshahara haioni. Mama anayeuza vitumbua Charambe, mwenye watoto wanne, huiona mara nne.

Basi kadi ni njema kwa mwenye fedha ya akiba, na kwa asiye na akiba ni njema pia ikiwa tu anaweza kuitia fedha ndogo, shilingi 500 au hata 200, mahali karibu na kwake, bila ya kukatwa ada. Hili ni jambo la kuwekewa sharti na wanaopanga kanuni, wala lisiachwe kwa muuza duka kuamua kwamba yeye haongezi salio chini ya shilingi 2,000.

Na sasa tufike kwenye salio. Ama kulipa ujira kabla ya kazi, hilo halina taabu kwa wanaopatana. Lakini fedha iliyomo ndani ya kadi na haijasafiriwa ni mali ya nani? Twasema ni mali ya mwenye kadi, na aliyeishika ameishika amana. Jambo hili laonekana dogo kwa kuwa salio la mtu mmoja ni shilingi 850 au 1,300. Lakini zidisha kwa watu laki mbili. Mjini London, ambako kadi ya Oyster ilianza mwaka 2003, fedha zilizolala katika kadi ambazo wenyewe hawazitumii tena ni mamilioni mengi ya paundi, ingawa mwenyewe akizidai hurejeshewa. Palipo na rundo la fedha za watu ambao kila mmoja amesahau chake, hapo hutakiwa daftari safi na njia nyepesi ya kudai. Kadi ikipotea, salio lihamishwe. Kampuni ikibadilika, salio lisibadilike pamoja nayo. Mtu aliyekuwa na kadi ya zamani, na kadi hiyo ikaachwa kutumika, ana haki ya kuuliza fedha yake ilikwenda wapi.

Hata mirathi imo. Mzee akifariki, warithi hukumbuka nyumba, shamba la Mkuranga, ng'ombe, na fedha za benki. Siku hizi wamejifunza kukumbuka na fedha za simu. Kadi ya nauli hubaki mfukoni mwa kanzu, na siku ya tatu kijana mmoja wa nyumbani huichukua akaanza kuitumia. Salio la marehemu ni la warithi wote hata kama ni la safari mbili. Hatusemi watu wagawane shilingi 1,400 kwa mafungu. Twasema yule kijana aombe ruhusa, na kuomba kwenyewe ni neno moja.

Kwa jirani zetu jambo hili limekwisha pita katika majaribio mawili yasiyofanana. Nairobi, mwaka 2013, kampuni ya Google pamoja na Equity Bank zilileta kadi iitwayo BebaPay ya kulipia matatu. Serikali ya Kenya ikaagiza matatu zote ziache kupokea fedha taslimu ifikapo Julai 2014, kisha muda ukaongezwa, na mwisho agizo halikutimia. BebaPay yenyewe ikafungwa mwaka 2015. Kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali, na abiria wa magari mawili angeweza kuhitaji kadi mbili. Tena wenye matatu wengi walikuwa watu wa gari moja moja, na dereva na utingo wake walikuwa wakipata riziki yao kutoka katika fedha ya siku ile ile. Kadi ilipeleka fedha benki, na utingo alitaka kula jioni. Hakuna aliyemwuliza utingo atakula wapi, naye akaikataa kadi kwa njia anazozijua utingo: leo mashine mbovu, kesho mashine haina chaji.

Kigali mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2013 mabasi ya mji ule yalikabidhiwa kampuni tatu tu, kila moja na sehemu zake, na wafanyakazi wakawa wa kampuni. Kisha, karibu na mwisho wa mwaka 2015, ikaja kadi ya Tap&Go iliyotengenezwa na kampuni ya Kinyarwanda, AC Group. Kadi moja, mashine mlangoni mwa basi, na mawakala wa kuongeza salio vituoni. Kadi ikashika. Twaamini kwamba tofauti haikuwa katika kadi, kwani kadi za miji yote ni plastiki na waya ule ule. Tofauti ilikuwa kwamba Kigali walipanga kwanza habari za watu, ndipo wakaleta mashine. Wenye kuutazamia mji wetu uingize daladala nazo katika kadi wawafikirie makonda wa Temeke mapema, na mishahara yao iandikwe kabla ya mashine kununuliwa.

Tumesema kwamba mashine haina macho. Je, yaweza kufundishwa huruma? Wako watakaocheka, wakasema huruma ni ya binadamu. Lakini sikilizeni walivyofanya watu wa London. Mwezi wa Julai 2014 mabasi ya mji ule yaliacha kabisa kupokea fedha taslimu. Waliopanga jambo lile walijua kwamba usiku wa manane mtu, pengine mwanamke aliye peke yake, ataligusisha basi la mwisho kadi yake na salio halitoshi. Wakaiamrisha mashine hivi: ikiwa kadi ina kitu kidogo lakini hakitimizi nauli, imchukue safari moja zaidi, na deni liandikwe, atakapoongeza salio, deni likatwe kwanza. Hong Kong nao, ambao kadi yao ya Octopus ilianza mwaka 1997, wameifanya hivyo tangu zamani: kadi yenye salio laweza kwenda chini ya sifuri mpaka kiasi maalumu, na dhamana iliyowekwa wakati wa kuichukua kadi huwa rehani ya deni hilo. Hakuna aliyefilisika kwa ajili yake.

Basi ile "Kaa Mama, twende" ya konda yawezekana kuandikwa ndani ya mashine. Siyo mashine iliyomzuia yule bibi mwenye uji. Ni sisi binadamu tuliopanga kwamba asiye na kadi hana njia, tukakaa mbali na lango, tukamwachia kijana mmoja mlinzi aibu ya kujibu swali lake. Wanaosimamia usafiri wa mji huu, kuanzia wanaotoa leseni na kupanga nauli hata wanaoendesha mabasi, twawaomba mambo mawili tu kwa sasa. La kwanza ni hiyo safari moja ya kukopeshwa, kwa kadi iliyoishiwa. La pili ni dirisha moja katika kila kituo kikubwa, Mbagala, Mtoni, Gerezani na kwingineko, ambapo mwenye sarafu atapewa karatasi ya safari moja, hata kama kwa kungoja kidogo. Shilingi ya Tanzania ni fedha halali ya nchi hii, na mgeni aliyeteremka leo asubuhi kutoka Rufiji kuja kumzika ndugu yake hana sababu ya kununua kadi ya maisha yote ili apande basi mara mbili.

Kuna na jambo la siri. Kadi iliyosajiliwa kwa jina huandika saa uliyopanda na kituo ulichoshukia, kila siku, bila kuchoka. Konda alikusahau kabla ya kituo kinachofuata. Mwaka 2010 ilidhihirika huko Hong Kong kwamba kampuni ya Octopus iliuza khabari za wateja wapatao milioni 2 kwa makampuni mengine ya biashara, ikajipatia dola za Hong Kong milioni 44. Mkuu wa kampuni akajiuzulu. Hatuwatuhumu watu wa hapa kwetu kwa yaliyotendwa na wa kule. Lakini mzazi anayemsajilia binti yake kadi ya shule ana haki ya kuuliza nani atasoma kwamba binti huyo hushuka kituo fulani saa kumi na mbili kasorobo za jioni.

Na wajibu wetu sisi abiria tusiusahau, kwa kuwa ni rahisi kuhesabu haki zetu tukaacha za wenzetu. Yuko kijana aliyekwisha maliza kidato cha nne miaka miwili iliyopita, naye bado agusisha kadi ya mwanafunzi. Tofauti ya nauli anayoipata kila safari si yake. Wako wanaopenya langoni wawili wawili kwa kadi moja, wakacheka kwamba mashine imedanganyika. Na wako waliogeuza shida ya watu kuwa biashara: husimama karibu na lango wana kadi, wakamgusishia asiye nayo kwa kumtoza zaidi ya nauli. Mwenye kufanya hivyo kwa makubaliano huenda akawa na neno la kujitetea. Sisi tulipomkumbuka yule fundi mwenye saruji kwenye nguo, hatukupenda kulisikiliza.

Nyumbani kwetu tumefanya kama ifuatavyo, na msomaji akiona lafaa alichukue. Karibu na mlango tumepiga msumari, na kadi zetu zimetundikwa hapo kwa kamba. Kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwa wino. Chini yake mna daftari la kurasa 32, na anayerejea jioni huandika salio alilolisoma langoni, kwani lile lango huonyesha hesabu kwa kupepesa jicho tu, na herufi zake ni ndogo, mwenye macho mabovu hazioni. Watoto wamelipenda daftari hilo kuliko tulivyotarajia. Wa darasa la tano aligundua mwenyewe siku moja kwamba alikatwa nauli mara mbili kwa safari moja. Tukaenda dirishani na daftari, na baada ya kusubiri wakamrejeshea.

Msumari ule una kadi moja isiyoandikwa jina. Tunaitia shilingi chache kila Ijumaa, na anayefika nyumbani kwetu hana kadi huichukua, akirudi huitundika. Juma lililopita jirani alikuja kuiazima alfajiri, mumewe amezidiwa, akaondoka nayo mbio. Bado haijarudi, wala hatujamwuliza. Mgonjwa angali hospitali.